Sahani Arobaini na Sita

Jumatatu, 17 Machi 2025

Leo saa tano na dakika ishirini asubuhi, kwenye dirisha namba mbili la ofisi ya kodi mjini Same, nimepoteza fomu ya ukurasa mmoja. Nilikuwa nayo kwa miaka minne. Naandika kabla sijasahau saa.

Fomu hiyo ni ya wafanyabiashara wadogo wenye wafanyakazi wasiozidi wanne. Ina mistari tisa. Unaandika mauzo ya mwaka, unasoma kodi yako kwenye jedwali la pembeni, unasaini, unalipa, unawahi basi. Mimi nina mashine moja ya kukoboa mpunga hapa Kihurio na wafanyakazi wawili: Blandina anayepima na kupepeta, na fundi wa mashine anayekuja mara mbili kwa wiki. Wawili ni chini ya wanne. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Dada wa dirishani aligeuza kioo cha kompyuta nikaona jina langu, Dorkas Mbwambo, na mbele yake: wafanyakazi 48.

"Mama, wewe si mfanyabiashara mdogo tena," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekusomea matokeo kwamba umefaulu.

Kuanzia tarehe 1 Julai natakiwa kuwasilisha hesabu kila mwezi, zikiwa zimepitiwa na mhasibu, pamoja na kodi ya mishahara. Mhasibu niliyemuulizia kabla ya kupanda basi anataka laki moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa kawaida mashine inaniachia laki nne na kidogo. Kabla hata ya hiyo kodi ya mishahara, Blandina hana kazi. Nikiongeza kodi, hata mimi sina.

48 ni wawili jumlisha arobaini na sita. Hao arobaini na sita nawajua walikotoka. Niliwaandika mwenyewe.


Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Niweke mambo kwa mpangilio.

Mwaka jana, Jumatano na Alhamisi, tarehe 13 na 14 Novemba, vuli ilibomoa ukingo wa mfereji mita sitini juu ya mashine yangu. Pembe ya kuwaita watu kazini ikapigwa. Msaragambo ni msaragambo: kila nyumba inayotumia maji ya mfereji inatoa mtu mmoja na jembe lake, na aliye karibu zaidi na palipobomoka ndiye anayepika. Palipobomoka ni kwangu. Nikapika makande siku zote mbili, mahindi kilo 24, maharage kilo 12. Siku ya pili watu walichimba mtaro kukatisha uwanja wangu ili maji yasiingie kwenye ghala. Nikagawa sahani 46. Nikaandika kwenye daftari, kama ninavyoandika kila kitu tangu enzi za kupepeta chenga za watu kwa debe. Miaka kumi na sita ya chenga ndiyo iliyonunua mashine hii. Asiyeandika hanunui mashine.

Januari akaja Anold, afisa wa kodi, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye mwandiko mzuri. Alitukusanya wafanyabiashara thelathini na mmoja kwenye ofisi ya kata. Alisema kuna mpango wa majaribio: ukurasa mmoja unabaki, ila anayependa anaweza kujaza kiambatisho cha kurasa kumi na moja ili serikali iwafahamu wafanyabiashara wadogo kwa undani.

"Kiambatisho hakibadilishi kodi ya mtu," alisema. Niliyaandika maneno hayo, tarehe 22 Januari.

Kati ya watu thelathini na mmoja alinyoosha mkono mmoja tu. Mimi.

Swali la 34 lilisema: taja idadi kubwa kabisa ya watu waliofanya kazi katika eneo la biashara kwa siku moja, na walicholipwa kwa fedha au kwa kitu. Nikaandika: 46, chakula. Ilikuwa kweli. Hakukuwa na sehemu ya kueleza.


Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Magunia tisa tu.


Jumamosi, 22 Machi

Muhidin wa duka la vipuri ndiye jirani yangu wa ukuta mmoja. Amefunga Ramadhani, kwa hiyo nilidhani atakuwa na maneno machache. Sikupata bahati hiyo.

"Mama Eli, nasikia umekuwa kampuni," alisema. "Wenye kampuni hukaa Arusha. Unafanya nini huku na sisi?"

"Wewe uliandika nini kwenye ile fomu?"

"Ukurasa mmoja, takriban milioni sita."

"Takriban."

"Neno hilo limenisomeshea watoto wawili chuo."

Nilimwambia duka lake linauza zaidi ya milioni sita, na kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikilipa kodi ya barabara ambayo pikipiki yake inapita. Akasema hilo ni kweli na akanishukuru. Huwezi kugombana na mtu wa namna hii. Ni mwongo anayekubali kila kitu.

Jioni nilifikiri: mwongo yuko kwenye ukurasa mmoja, mkweli yuko kwenye kurasa kumi na moja. Nikaenda kukagua mkanda wa mashine.


Jumanne, 25 Machi

Same tena. Nauli ya kwenda na kurudi, chai, na nusu siku ya mashine.

Anold alinipokea vizuri. Alisimama, akanipa shikamoo, akanitafutia kiti. Alifungua jalada langu, akaligeuza nione jinsi kompyuta ilivyopiga: watu 46, mara 150,000, mara miezi 12, sawasawa na 82,800,000. Hayo ndiyo makadirio ya mishahara ninayolipa kwa mwaka.

"Hizo ni siku mbili," nilisema. "Na moja katika hizo hawakugusa hata uwanja wangu."

"Naelewa, mama. Lakini mfumo unachukua idadi kubwa kabisa na kudhani ni ya mwaka mzima. Ndivyo ulivyotengenezwa."

"Ulisema hakibadilishi kodi ya mtu."

"Nilisema hivyo." Hakukana. "Nilivyoelezwa mimi ndivyo nilivyowaeleza."

Aliniwekea njia mbili. Ya kwanza: nijaze swali la 34 upya, niandike sifuri, nisaini, na kesho yake nirudi kwenye ukurasa mmoja. Ya pili: nilete majina ya watu wote arobaini na sita, namba zao za kitambulisho cha NIDA, na muhuri wa kamati ya mfereji kwamba walikuwa wa kujitolea.

Nikauliza kama fomu ya kwanza itafutwa nikiandika sifuri. Akasema haifutwi, zote mbili zinabaki kwenye mfumo. Maana yake kutakuwa na karatasi mbili zenye sahihi yangu, moja ina watu na moja haina, na chini ya kila karatasi kuna mstari unaosema taarifa ya uongo ni kosa. Anold ni mtu mzuri, lakini atahamishwa. Ajaye atakuta karatasi.

"Nitaleta majina," nilisema.

Nampa haki yake: ni mtu wa namba. Nilivyoingia nilimwona mmoja wetu sisi tunaoandika, na nilivyotoka bado nilimwona hivyo.


Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mashine imezimwa. Muhidin ameleta pilau, akauliza kama nitaiandika.


Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kwa mzee Jabiri, mwenyekiti wa mfereji. Yuko kwenye kiti hicho tangu mimi sijashuka kutoka Gonja. Nilimwamkia, nikamweleza, nikaomba daftari la msaragambo wa Novemba ninakili majina.

Akaleta daftari. Limefungwa kwa mpira wa tairi. Tarehe 13 Novemba: majina saba. Tarehe 14: majina manne.

"Mzee, hawa wa tarehe 14 ni wanne."

"Ndio hao."

"Walikuja arobaini na sita."

"Hawa ndio ambao hawakuja," alisema. "Tunaandika asiyekuja, ili alipe faini. Aliyekuja amemaliza kazi yake. Umwandike wa nini?"

Nimefanya biashara kwenye mfereji huu miaka mingi na sikujua hilo. Nimewahi kulipa faini mara moja tu, mwaka nilipolazwa, kwa hiyo jina langu limo humo mara moja. Siku nyingine zote nilizokwenda na jembe hazimo popote.

Nikaomba muhuri. Mzee Jabiri akasema muhuri atanipa, lakini hawezi kuupiga juu ya majina ambayo kamati haina. Ni sawa. Hata mimi nisingepiga.

Kwa hiyo orodha ya watu hao duniani itakuwa moja tu, na ni ya kwangu, na haina majina. Ina namba.


Jumanne, 8 Aprili

Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba baada ya kufunga mashine. Leo majina matano.


Jumatano, 9 Aprili

Manne. Mvua imenirudisha.


Ijumaa, 11 Aprili

Yamefika kumi na saba, na nadhani ndio mwisho.

Wale wa kwanza walitaja majina bila neno. Leo kila niliyemfikia alikuwa ameshasikia. Mama mmoja wa upande wa banio, maji yanapoingilia mferejini, alinikaribisha, akanipa kigoda, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Jina langu linakwenda wapi?"

"Ofisi ya kodi, Same. Kuthibitisha kwamba hukulipwa."

"Na pale kwenye fomu yako umeandika nililipwa nini?"

"Chakula."

"Kwa hiyo nimelipwa." Akacheka kidogo. "Nitalipa kodi ya makande."

Nilimweleza kwamba si hivyo. Nilipokuwa naeleza nilisikia kwamba sina uhakika. Nani aliniambia kodi yangu haitabadilika? Huyo huyo anayesubiri majina yao.

Nimemkuta Muhidin akifunga duka. Nikamwambia atoe jina, naye alikuwepo.

"Nilikuwepo sana. Nilikula sahani mbili."

"Siku mbili, sahani mbili. Ndiyo hesabu."

"Siku ya pili peke yake, mbili. Blandina alinipakulia ya kwanza, wewe ukanipakulia ya pili. Nilipitia upande wa pili wa ghala."

Nikafungua daftari ukurasa wa Novemba. Akadhani nimekasirika juu ya makande, akaanza kuomba radhi kwa utani.

Mimi sikuhesabu watu. Nilihesabu sahani. Watu walikuwa arobaini na watano, na kama Muhidin alifanya hivyo na mwingine aliweza. Namba niliyoitetea mbele ya Anold, niliyosafiri nayo mara mbili, si sahihi. Ni kosa la mtu mmoja katika arobaini na sita, chini kidogo ya asilimia mbili na robo. Kwenye mizani ya mpunga, mashine yenye kosa hilo ningeifunga nikaite fundi.


Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisani watu wamenisalimu, wakapita.


Jumamosi, 26 Aprili

Magunia ya wiki: wiki ya kwanza ya mwezi 61, ya pili 44, ya tatu 38, hii 29. Mvua inaweza kueleza kumi. Haielezi mengine.

Blandina anajua. Nilipombana akasema watu wanapeleka mpunga Ndungu.

"Kwa nauli?"

"Kwa nauli, mama. Wanasema kule hawaulizwi."

"Na mimi nimemuuliza nani? Natafuta majina tu, mashine isifungwe. Na kazi yako iko humo humo."

"Mimi najua. Wao wanachosema ni kwamba mama Eli anaandika watu."

Hakuwahi kunijibu hivyo, na hakuinua sauti. Alikuwa anashona mdomo wa gunia.


Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Wangu arobaini na nane hawakuandamana.


Jumapili, 4 Mei

Maji yamepita juu ya ukingo pale pale pa Novemba. Mzee Jabiri ametangaza msaragambo Jumatano. Huanza Jumatano siku zote: Ijumaa ni ya msikiti, Jumamosi ni ya Wasabato, Jumapili ni yetu. Zamu ya kupika ni yangu.


Jumatano, 7 Mei

Tuliweka sufuria mbili kubwa tangu alfajiri. Mahindi kilo 12, maharage kilo 6, nazi kumi, nikaongeza nyanya chungu maana masika zipo nyingi. Blandina alipanga sahani mezani. Daftari niliacha ndani makusudi, na mlango nikaufunga ili kila mtu aone umefungwa.

Pembe ililia saa kumi na mbili na nusu. Walikuja. Sitasema hawakuja, kwa idadi walikuwa wengi kuliko Novemba. Wakavua viatu, wakashuka mferejini, wakafanya kazi kama inavyofanywa: wa juu wanakata, wa kati wanapokezana, wa chini wanapanga mawe na magunia ya mchanga. Walitania. Mmoja alimwambia Muhidin kwamba jembe lake ni jipya kwa sababu linakaa dukani. Nilishuka nami nikapokezana mawe kwa saa mbili, na aliyekuwa kushoto kwangu alinipa mawe na aliyekuwa kulia alipokea.

Saa sita mzee Jabiri akasema inatosha, tukale.

Wakaenda chini ya ukuta wa ghala langu, kwenye kivuli, wakafungua mifuko. Kila mmoja alikuwa amekuja na chakula chake. Mihogo, viazi, ndizi za kuchemsha, chapati imefungwa kwenye karatasi, chai ndani ya chupa za maji. Hawakuwa wamenuna. Waligawana wao kwa wao. Mama yule wa upande wa banio alinikatia kipande cha muhogo, akanipa mkononi, nikala.

Blandina alisimama kwenye sufuria na upawa. Alisubiri dakika kama kumi. Kisha akaniangalia, nami nikamwonyesha afunike.

Nilimsogelea mzee Jabiri. "Mzee, wamekatazwa?"

"Na nani?" alisema. "Hakuna aliyekatazwa. Wameona usipate tabu. Asiyekula hana cha kuandikwa. Wanakusaidia."

Nadhani alikuwa anamaanisha hivyo hasa.

Muhidin peke yake alikuja na sahani. Alikula ya kwanza akiwa amesimama katikati ya uwanja ambapo wote wanamwona, akarudi kwa ya pili. Hakusema kitu cha kuchekesha.


Ijumaa, 9 Mei

Makande tumekula siku mbili. Yaliyochacha nimewapa kuku. Hasara nimeiandika.


Jumatano, 14 Mei

Anold amekuja Kihurio kwa basi, kwa gharama yake, amesema. Nilimpeleka kwa mzee Jabiri ili asikie kwa masikio yake habari ya daftari la wasiokuja. Mzee akamkaribisha chai na maandazi. Anold akala, akasikiliza, kisha akasema yake, nami naiandika kwa sababu haikuwa ya kipuuzi.

"Mzee, miaka mitatu iliyopita yalitolewa maghala ya kuhifadhia mpunga. Makao makuu wakaniuliza: Kihurio kuna biashara ngapi, zinatoa kazi kwa watu wangapi, msimu gani? Nilikuwa na karatasi za ukurasa mmoja. Zote zimeandikwa takriban. Sikuwa na cha kujibu. Ghala likaenda kwingine. Sitaki kuulizwa tena nikose namba. Mama Dorkas ndiye mtu wa kwanza kunipa namba ya kweli."

Sikumwambia kwamba haikuwa ya kweli. Nilitaka kwanza nisikie mwisho.

Mzee Jabiri akafikiri. "Sasa wewe umekunywa chai yangu na kula maandazi mawili, na umefanya kazi hapa kwangu ya kunieleza. Nimekuajiri?"

Anold akacheka. "Swali zuri, mzee."

"Si zuri. Ni rahisi. Nimekuajiri au sikukuajiri?"

"Hapana, mzee. Hujaniajiri."

"Basi mwandikie mama hilo hilo."

Akaacha kucheka. Akasema yeye hana mamlaka ya kubadili kilichomo kwenye mfumo, kwamba amepeleka suala juu, kwamba tusubiri mwongozo. Nikauliza mwongozo unakuja lini. Akasema hawezi kutaja tarehe. Mtu wa namba, hawezi kutaja tarehe.

Kituoni nikamwambia ukweli: watu ni arobaini na watano, nilihesabu sahani. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, usibadilishe tena. Ukibadilisha, mfumo utaona una hesabu zisizoaminika."

Basi likaja. Nimemwona tofauti tangu hapo. Hatafuti namba iliyo sahihi. Anatafuta namba isiyosogea.


Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika. Magunia 22 wiki iliyopita.


Jumatano, 28 Mei

Majina kumi na saba siwezi kuyapeleka. Kumi na saba hayaniokoi mimi, na yanaweza kuwaingiza wao. Nimechukua mkasi nikakata karatasi mstari kwa mstari, nikapita nyumba zile zile nikimrudishia kila mtu jina lake na namba yake. Kazi ya jioni mbili.

Wengine walipokea kama wanavyopokea chenji. Mzee mmoja alisoma kipande chake, akakirudia, akaniambia tarehe ya kuzaliwa nimekosea. Nikamwomba radhi. Mama wa upande wa banio, ambaye hakuwahi kunipa jina, alisema, "Na mimi changu?" Nikamwambia sina chake. Akasema, "Hata hivyo umefika."

Muhidin alikataa.

"Cha kwangu bakiza."

"Sikuwa nacho, ulikuwa unafanya mzaha tu."

"Basi andika sasa." Akatoa kitambulisho mfukoni, akakiweka juu ya misumari. "Andika na sahani mbili. Kama wanatafuta shahidi, nitakwenda Same. Nitawaambia nilikwenda kwa ajili ya maji ya bustani yangu ya vitunguu, na nilikula kwa sababu kulikuwa na chakula."

"Wakikuuliza mauzo ya duka?"

"Wataniuliza," alisema. "Najua."

Nimeandika namba yake, tarakimu ishirini, bila kukosea. Mtu huyu nilimwandika mwezi Machi kuwa mwongo. Sifuti. Naongeza tu.


Jumanne, 10 Juni

Mavuno yameanza vizuri, mpunga mkavu. Lori la Ndungu limepita hapa nje mara tatu likiwa limejaa.


Jumatano, 11 Juni

Mzee Jabiri alikuja mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Jumatano ijayo, tarehe 18, kuna msaragambo wa kujengea ukingo mawe moja kwa moja kabla maji hayajafungwa. Ni pale pale. Zamu ni yangu.

"Watu wanauliza kama utapika," alisema.

"Nitapikaje chakula kisicholiwa?"

"Kitaliwa. Hawana ugomvi na chakula. Wanauliza kama ukishapika wanakuwa wa kwako au wanabaki wa kwao."

"Na mimi nisipopika?"

"Basi tutakuandika," alisema, kwa upole, "kama asiyekuja."

Nikamwambia nitamjibu Jumanne jioni.


Alhamisi, 12 Juni

Barua niliyoituma leo Same, kwa mkono wa dereva wa basi. Ofisi imepokea saa tano na dakika kumi. Dereva amenipigia simu.

*Ndugu Anold,*

*Sikuandikii kulalamika. Malalamiko nimeyaleta mara mbili na unayo kwenye jalada.*

*Kwanza nasahihisha. Tarehe 14 Novemba niligawa sahani 46. Watu walikuwa 45, mmoja alikula mara mbili na yuko tayari kufika mbele yako kusema hivyo. Ulinishauri nisibadilishe. Nabadilisha, kwa sababu sahihi ni yangu.*

*Pili, sifuri siandiki. Walikuja.*

*Tatu, majina sileti. Ulitaka kunijua mimi kwa undani, nikakubali, kurasa kumi na moja, na bado sina kinyongo na maswali. Mengi yalikuwa mazuri. Lakini watu hao hawakunyoosha mkono pale kata. Nilinyoosha mimi.*

*Linabaki swali moja. Mtu aliyekuja na jembe lake kufungua mfereji anaoutumia yeye na mimi, akala chakula changu kwa sababu zamu ya kupika ilikuwa yangu, je, ni mfanyakazi wangu?*

*Ukisema ndiyo, tarehe 30 Juni nazima mashine, Blandina namlipa wiki mbili za mbele, na ofisi yako inakuwa na biashara moja pungufu Kihurio. Hiyo itakuwa namba ya uhakika. Ukisema hapana, nirudishe kwenye ukurasa mmoja, na mwakani niletee hata kurasa ishirini, nitazijaza, mradi chini ya swali la 34 pawe na mstari wa kueleza.*

*Usiniandikie kwamba suala linafanyiwa kazi, wala kwamba tusubiri mwongozo. Jumanne tarehe 17 nitakaa kwenye benchi lenu tangu saa tatu asubuhi. Basi la kurudi linaondoka saa nane mchana, na mahindi ya msaragambo wa Jumatano lazima yalowekwe Jumanne hiyo hiyo nikifika. Kwa hiyo mwisho wako ni saa saba na nusu. Andika ndiyo au andika hapana, kwa mkono wako, chini ya karatasi hii. Nafasi nimeacha.*